Kusoma maji na upepo wa pwani ya Maine kabla ya kushuka baharini

Mwongozo huu ni wa anayevua vibua kwenye miamba ya Cape Elizabeth, anayechimba kombe kwenye tope la Casco Bay, anayevuka fungu kwa miguu kwenda kisiwani, au mwenye boti ndogo isiyozidi futi 20. Aliyekulia Tanga, Mombasa au Unguja anajua nusu ya kazi: bamvua (maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida) na maji mafu (yanayopanda na kushuka kidogo) si mageni kwake, na hata kimo cha maji ya Portland hakiachani sana na cha kwao. Aliyekulia Uvira, Bujumbura au Goma anajua mawimbi na upepo wa ghafla, lakini ziwa halipwi wala halijai. Huyo asome hatua nne za mwanzo mara mbili.

Hatua ya 1: Chukua jedwali la kituo chako, kisha hakikisha saa

Ratiba ya maji kupwa na kujaa iko bure kwenye tovuti ya NOAA, shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa. Kituo cha Portland ni namba 8418150. Usitumie jedwali la Portland kila mahali. Portland maji hupanda na kushuka wastani wa futi 9 hivi, Bar Harbor zaidi ya futi 10, na Eastport, mpakani na Kanada, zaidi ya futi 18. Ni pwani ya jimbo moja, lakini huko mashariki maji hupanda mara mbili ya Portland.

Vimo vyote huhesabiwa kuanzia wastani wa maji madogo kabisa ya kila siku, kwa kifupi MLLW. Kwa hiyo ukiona kimo chenye alama ya kutoa, mfano −0.8, maana yake siku hiyo maji yatakupwa kuliko kawaida na tope litatoka hadi mbali. Ndizo siku wachimba kombe wanazozingoja.

Sasa saa. Jedwali huandika 6:10 AM, ambayo kwetu ni saa 12:10 asubuhi. Ukimtumia mwenzako ujumbe "maji yanakupwa saa 6:10", naye akaisoma kwa Kiswahili, atafika adhuhuri. Tofauti ya saa sita ndiyo hasa tofauti kati ya kupwa na kujaa, kwa hiyo atayakuta maji yamejaa pomoni mahali ulipomwambia atembee. Mkiandikiana, nakilini kama jedwali lilivyo, pamoja na AM au PM yake. Mwongozo huu pia unafanya hivyo kwa saa za tarakimu; saa zilizoandikwa kwa maneno ni za Kiswahili. Jambo jingine: kwenye tovuti chagua LST/LDT, ndiyo saa ya mahali iliyokwisha kurekebishwa kwa majira ya joto. Jedwali lililochapishwa kwa LST peke yake huongezewa saa moja kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba.

Hatua ya 2: Tazama mwezi, lakini usiamini saa za nyumbani

Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, siku moja au mbili baadaye huja bamvua. Mwezi ukiwa nusu, maji mafu. Hilo ni lilelile hapa na nyumbani. Kinachobadilika ni saa. Unguja na Mombasa, siku za bamvua maji hukupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa saa kumi alasiri, na wazee huweza kukutajia bila jedwali. Portland, siku hizohizo, maji hujaa karibu na adhuhuri na usiku wa manane, na hukupwa alfajiri na jioni. Ukitumia hesabu ya nyumbani hapa umepotea.

Kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50. Jedwali la jana si la leo.

Hatua ya 3: Gawa kimo kwa mafungu 12

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Tuseme jedwali linasema kupwa 6:10 AM kwa futi 0.3, na kujaa 12:22 PM kwa futi 9.9. Tofauti ni futi 9.6. Gawa kwa 12, unapata 0.8. Maji yatapanda hivi:

- saa ya kwanza: fungu 1, futi 0.8
- saa ya pili: mafungu 2, futi 1.6
- saa ya tatu: mafungu 3, futi 2.4
- saa ya nne: mafungu 3, futi 2.4
- saa ya tano: mafungu 2, futi 1.6
- saa ya sita: fungu 1, futi 0.8

Kati ya 8:10 AM na 10:10 AM maji yatapanda futi 4.8, karibu mita moja na nusu. Mtu aliyeona saa ya kwanza maji yakisogea polepole hudhani yataendelea hivyo. Saa hizo mbili za katikati ndizo zinazowakamata watu, na ndizo zenye mkondo mkali zaidi kwenye njia nyembamba.

Wenye boti: ukifunga kwenye gati lisiloelea, hesabu hii ndiyo ikupe urefu wa kamba. Ukifunga kamba fupi maji yakiwa yamejaa, utarudi ukute boti inaning'inia. Ukifunga kamba fupi maji yamekupwa, yakipanda yataivuta pua chini. Gati linaloelea halina shida hiyo, ila daraja lake la kushukia huinama sana maji yakikupwa, nalo lina utelezi. Usishuke umebeba ndoo mikono yote miwili.

Hatua ya 4: Andika saa ya kugeuka kabla ya kuondoka nyumbani

Chukua mfano wa Bar Island, pale Bar Harbor. Fungu la changarawe linaloiunganisha na mji hupitika takriban saa moja na nusu kabla ya maji kukupwa na saa moja na nusu baada ya kukupwa. Kwa jedwali la hapo juu dirisha lingekuwa 4:40 AM hadi 7:40 AM. Toa nusu saa ya akiba: 7:10 AM uwe umekwisha kuvuka kurudi.

Kosa la kawaida ni kuhesabu kuanzia ulipofika: "tumefika 7:00 AM, tuna saa tatu." Huna. Una dakika arobaini. Saa huhesabiwa kutoka maji yalipokupwa, hata kama ulifika umechelewa. Magari pia huegeshwa juu ya fungu lile na kumezwa, na maji ya chumvi hayamwachii fundi cha kutengeneza.

Popham Beach ni hivyohivyo. Fungu la mchanga la kwenda Fox Island hukatika huku watu wakipiga picha juu ya mwamba. Maji hayaji kutoka mbele yako, baharini, yanajaza kwanza mkondo ulio nyuma yako, upande wa ufuo. Ukiona kijito nyuma yako kimeanza kuunganika, rudi wakati huohuo ukiwa bado unavuka kwa kifundo cha mguu. Ukikuta kimekwisha kuwa kirefu, baki kisiwani juu, piga simu 911, ngoja. Kuogelea mkondo ule katika maji baridi ni hatari kuliko kukaa na njaa saa sita.

Hatua ya 5: Soma utabiri wa bahari, si wa mjini

Programu ya simu inayokuonyesha jua na 75°F inazungumzia mji. Wewe tafuta utabiri wa bahari wa ofisi ya Gray ya Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani. Casco Bay ni eneo ANZ153. Maji ya nje hadi maili 25 ni ANZ152 mashariki ya Cape Elizabeth na ANZ154 kusini yake. Kwanza soma tarehe na saa iliyoandikwa juu. Utabiri wa jana asubuhi ni karatasi tu.

SW 10 to 15 kt maana yake upepo unatoka kusini-magharibi, kama tunavyosema kusi kwa upepo utokao kusini, kwa kasi ya noti 10 hadi 15. Noti 1 ni kilomita 1.85 kwa saa. Lakini mkondo wa maji hutajwa kwa upande unaokwenda; usichanganye.

Ukiona "Small Craft Advisory", upepo umefika noti 25 hadi 33 au mawimbi futi 5 na zaidi: boti ndogo ikae nyumbani. "Gale Warning" ni noti 34 hadi 47, "Storm Warning" ni 48 hadi 63. Kwa kayaki au boti ya futi 14 usingoje tangazo. Noti 15 zinatosha kukufanya uahirishe.

Mei hadi Agosti, siku ya jua, nchi kavu hupata joto haraka huku bahari ikibaki baridi. Kuanzia saa tano au sita mchana upepo wa baharini huamka kutoka kusini, hufika noti 15 au 20 alasiri, hulala jua likizama. Asubuhi shwari si ahadi ya mchana. Toka mapema, rudi kabla ya chakula cha mchana.

Halafu linganisha upepo na mkondo. Mlango wa Kennebec, maji yakikupwa, mto mzima hutoka kuelekea kusini. Upepo wa kusini ukipigana nao, mawimbi husimama, hukaribiana na kuvunjika, hata pale ambapo saa mbili kabla palikuwa laini. Theluji ikiyeyuka Aprili mto huwa na nguvu zaidi. Dawa ni kungoja maji yanayojaa, upepo na mkondo viende upande mmoja.

Hatua ya 6: Soma urefu wa wimbi pamoja na sekunde zake

Boya 44007, maili 12 kusini-mashariki ya Portland, hutoa vipimo vya wakati huo. Urefu unaotangazwa ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi, ile yenye mawimbi makubwa zaidi. Wimbi moja moja huweza kufika mara mbili yake. Sekunde ni muda kati ya wimbi na wimbi. Futi 3 kwa sekunde 4 ni vurugu la upepo wa karibu, mawimbi mafupi yanayorusha boti ndogo. Futi 3 kwa sekunde 12 ni wimbi lililotoka mbali, lina nguvu, na kwenye miamba ya Two Lights, Cape Elizabeth, hupanda juu kuliko unavyodhani.

Mawimbi hayo huja kwa makundi, na kati ya kundi na kundi bahari hulala. Kabla ya kusimama mwambani tazama dakika 20 nzima. Usisimame kwenye mwamba mweusi uliolowa: weusi ni mwani unaoteleza, na kulowa ni ushahidi kwamba maji hufika hapo. Agosti 2009 kimbunga Bill kilipita mbali baharini, kukiwa na jua, na wimbi lake likawazoa watazamaji karibu na Thunder Hole, kwenye hifadhi ya taifa ya Acadia. Mtoto wa miaka 7 alifariki.

Majira ya baridi dhoruba za kaskazini-mashariki huongeza maji juu ya jedwali. Upepo huyasukuma pwani, na kila hektopaskali 1 (hPa) ya kanieneo ya hewa inayoshuka huinua bahari sentimita 1. Portland huanza kufurika maji yakifika futi 12. Tarehe 13 Januari 2024 yalifika futi 14.57, yakavuka rekodi ya 14.17 ya Februari 1978. Jedwali halijui dhoruba. Angalia mstari wa vipimo halisi kwenye ukurasa wa kituo, ulinganishe na uliotabiriwa.

Hatua ya 7: Pima uwezekano wa ukungu

Juni na Julai upepo mwanana wa kusini-magharibi hubeba unyevu juu ya maji baridi, na ukungu hushuka kama pazia. Linganisha namba mbili: joto la maji kwenye boya 44007 na kiwango cha umande (joto ambalo hewa ikishuka hadi hapo unyevu wake hugeuka matone) kwenye kituo cha uwanja wa ndege wa Portland. Maji yakiwa 52°F na umande 60°F, utarajie ukungu hata kama mjini ni kweupe. Mchimba kombe achukue dira na kusoma mwelekeo wa nyumbani *kabla* hajaingia topeni. Ndani ya ukungu sauti ya gari hudanganya, na unaweza kutembea moja kwa moja kuelekea maji yanayopanda.

Hatua ya 8: Vaa kwa ajili ya maji

Bahari ya Unguja ni nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi. Hapa Machi ni kama 4, Mei 8 au 9, na Agosti hufika 17 au 18 kwa shida. Mei ndiyo mwezi mbaya: hewa inakuita uvue koti, maji bado ni ya kuua.

Ukianguka, dakika 1 ya kwanza pumzi hukatika na unaweza kumeza maji. Kazi yako ni kuelea tu. Una kama dakika 10 za mikono inayotii. Kuzimia kwa baridi huchukua karibu saa 1, lakini asiye na jaketi la kuokolea hafiki huko. Jaketi livaliwe, lililolazwa chini ya kiti halisaidii. Kwa watoto wa miaka 10 na chini, sheria ya Maine inalazimisha livaliwe botini. Nguo za pamba ziache nyumbani. Vaa sufu, na kwenye kayaki suti ya kuzamia.

Hewa ikishuka chini ya 28°F na upepo ukiwepo, rasharasha za chumvi huganda juu ya boti na kuilemea. Hapo hakuna hesabu ya kufanya. Usitoke.

Hatua ya 9: Acha karatasi

Mwandikie mtu wa nyumbani: unaegesha wapi, mko wangapi, saa ya maji kukupwa, saa ya kugeuka, na saa ambayo asiposikia apige 911. Redio ya VHF iwe chaneli 16. Ukiita, sema Mayday mara tatu, jina la boti, mahali ulipo, kilichotokea, idadi ya watu, kwa mpangilio huo, maana redio inaweza kukatika katikati. Ukisharudi mpigie yule mtu kabla hujaanza kuparua samaki, asije akawatoa walinzi wa pwani usiku kukutafuta wewe uliyelala.