Meli ya pwani ya Norwei majira ya baridi: mwongozo kwa wawili waishio Ulaya

Baridi ikishakaza Ulaya, wengi wetu hukimbilia jua: Visiwa vya Canary, Dubai, au nyumbani kwa wenye nauli. Mimi nawashauri wanandoa wafanye kinyume, wapande kaskazini zaidi. Meli za pwani ya Norwei hutoka Bergen, kusini-magharibi, hadi Kirkenes karibu na mpaka wa Urusi, zikipita bandari 34. Njia hii ilianza mwaka 1893, na mpaka leo ni usafiri wa wananchi: shehena inapakiwa na kushushwa, mwanafunzi anapanda kijiji hiki na kushuka kijiji kile. Kwa sasa kampuni mbili zinagawana kazi, Hurtigruten na Havila. Kwenda na kurudi ni siku 12. Kwenda tu ni takriban wiki moja, kisha mnarudi kwa ndege kutoka Kirkenes, na kwa wenye likizo fupi hiyo yatosha kabisa.

Msiende Desemba kwa sababu tu ofisi zimefungwa. Tromsø, mji mkubwa wa kaskazini mnaopitia njiani, jua halichomozi tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Mchana ni mwanga wa buluu wa saa chache, halafu giza. Lina uzuri wake, lakini milima na visiwa mlivyolipia kuviona vinapita gizani. Mwisho wa Februari hadi Machi ndio wakati wake. Theluji bado imejaa, mchana umerefuka, na usiku bado una giza la kutosha kuona mianga ya kaskazini, zile nuru zinazocheza angani.

Suala la hati lisichukuliwe kwa wepesi. Norwei haimo katika Umoja wa Ulaya lakini imo ndani ya Schengen, hivyo mwenye kibali cha ukaazi cha Ujerumani, Uswidi au Ubelgiji anabeba pasipoti yake na kile kibali. Anayeishi Uingereza kwa pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda anahitaji viza ya Schengen, na miadi ya viza huchelewa, kwa hiyo iombeni kabla hamjalipia tiketi isiyorudishwa. Ambaye maombi yake ya hifadhi bado hayajaamuliwa asivuke mpaka kabla ya kuzungumza na mwanasheria wake.

Sasa mavazi, maana hapa ndipo watu wetu wanapoumia bure. Pwani hii haina baridi kali kama watu wanavyodhani: mkondo wa maji ya uvuguvugu kutoka Atlantiki huifanya bahari isigande, na Tromsø wakati wa baridi huwa nyuzi chache tu chini ya sifuri. Adui ni upepo wa sitahani na barafu ya njiani. Vaeni tabaka tatu: ya ndani sufi nyembamba inayobana mwili, ya kati sweta nene, ya nje koti lisilopitisha upepo wala maji. Pamba iacheni nyumbani, ikilowa jasho inakugandisha. Viatu viwe na nafasi ya soksi mbili, kwani kiatu kinachobana huzuia damu na vidole vinakufa ganzi. Nunueni pia ile mipira yenye meno ya chuma inayovalishwa juu ya kiatu, hupatikana madukani huko kwa bei ya kawaida. Barabara za Tromsø hung'aa kama kioo, na kuvunjika mkono siku ya tatu ya likizo si jambo la kuombea. Kwa ngozi zetu, pakeni mafuta mazito usoni na mikononi kabla ya kutoka nje, siyo losheni ya majimaji. Mama, funga kitambaa cha satini chini ya kofia ya sufi, la sivyo nywele za mbele zitakatika.

Mkichagua chumba melini, ulizeni kuhusu kitanda. Vyumba vingi vya bei nafuu vina vitanda viwili vilivyotengana, kimoja hukunjwa mchana kikawa kochi. Kama mmekuja kusherehekea ndoa, ombeni kitanda cha watu wawili mapema. Chumba cha katikati ya meli, ghorofa za chini, hakiyumbi sana. Sehemu kubwa ya njia imekingwa na visiwa, ila kuna vipande vya bahari wazi, kama Hustadvika na Vestfjord, ambako mawimbi huja kwelikweli. Dawa ya kichefuchefu imezwe kabla, sio baada.

Mianga ikitokea usiku, hutangazwa. Wekeni makoti na viatu karibu na mlango, kwa sababu inaweza kucheza dakika kumi ikaisha. Kwa macho mara nyingi huanza kama wingu la kijivu lenye ukijani. Simu ikiwekwa hali ya usiku na kushikwa imara huonyesha rangi zaidi. Nendeni upande wa meli usio na taa. Hurtigruten wana ahadi kwa wanaosafiri mzunguko mzima kipindi cha baridi: mianga isipoonekana, wanapewa safari nyingine bila malipo ya tiketi. Someni masharti yake kabla ya kuitegemea.

Vituo vingi ni vifupi, vingine dakika kumi na tano tu. Chagueni vichache. Ålesund iliteketea usiku wa tarehe 23 Januari 1904 ikajengwa upya kwa mawe, yenye minara na maua ya kuchongwa. Mkipata muda pandeni ngazi 418 za mlima Aksla, mji wote uwe chini yenu. Eneo hili ndilo linalokausha samaki wa chumvi wanaosafirishwa hadi Congo, hivyo mliokulia kwenye makayabu mtakuwa mmefika chimbuko lake. Trondheim, kanisa kuu la Nidaros lilianza kujengwa 1070 juu ya kaburi la mfalme Olav; linafikika kwa miguu. Tromsø meli ikielekea kaskazini hutua mchana kwa takriban saa nne. Hapo msinunue matembezi, pandeni gari la kamba la Fjellheisen hadi mita 421. Honningsvåg ni kinyume chake, lipieni basi la Nordkapp, genge la mita 307 juu ya bahari, maana kipande cha mwisho magari huenda kwa msafara nyuma ya gari la kuondoa theluji. Matembezi mliyonunua melini yana faida moja kubwa: yakichelewa, meli inawasubiri. Mkizurura wenyewe haiwasubiri.

Kirkenes iko karibu longitudo moja na Kigali, lakini huko utaona kaa wakubwa wa Aktiki na hoteli iliyojengwa kwa theluji. Mkipelekwa mpakani, msitupe kitu upande wa Urusi wala msivuke hata hatua moja. Polisi hutoza faini.

Si lazima muende wote kila mahali. Mmoja akitaka kuendeshwa na mbwa kwenye theluji na mwenzake akitaka kahawa dirishani, kubalianeni kabla ya kulipa, kwani tiketi hizo si za bei rahisi.

Kuhusu chakula, tiketi za safari nzima kwa kawaida hujumuisha milo. Mwambieni wakala mapema kama hamli nguruwe au mnataka nyama halali. Samaki na mboga havikosi. Pombe na vitafunio vya bandarini ni ghali mno, na karibu kila mahali mtalipa kwa kadi.

Mfuko ukibana, kumbukeni kwamba mnaweza kununua kipande tu. Bodø hadi Svolvær ni takriban saa sita, mnavuka Vestfjord na kuingia visiwa vya Lofoten. Tromsø hadi Kirkenes mnalala melini na kupata Nordkapp njiani. Linganisheni na bei ya safari nzima kwenye tovuti za kampuni zote mbili, siku ileile, kabla ya kuamua.