Kupima volti ya mpasuko ndani ya mvuke wa zebaki

Volti ya mpasuko ni ile inayotosha kuufanya mvuke upitishe umeme ghafla. Nimeandika haya baada ya kumsaidia mwanafunzi aliyekuwa akiipima, ambaye nukta za grafu yake zilitawanyika ovyo. Umeme wake haukuwa na kasoro. Joto ndilo lililomsumbua.

Hatua ya 1. Tafuta mrija wa kwatzi wenye elektrodi mbili bapa na kimkia pembeni cha kuwekea tone la zebaki. Vuta hewa, uoke mrija ukiwa bado kwenye pampu, ingiza zebaki, ziba. Zebaki ni sumu: fanyia kazi ndani ya kabati la kufyonza hewa.

Hatua ya 2. Unganisha umeme wa DC kupitia rezista ya megaomu 1.

Hatua ya 3: joto. Usiharakishe hapa. Kanieneo ya mvuke huamuliwa na sehemu iliyo baridi kuliko zote, maana huko ndiko mvuke unakogeuka matone. Mkia ukiwa na nyuzi 100 za Selsiasi unapata paskali 36 hivi. Ukifika 110, zinakuwa kama 61. Kosa la nyuzi 10 tu limeshaharibu kipimo. Themokapo (kipimajoto cha waya) iguse mkia wenyewe, ifunikwe vizuri.

Tanuri moja lenye kidhibiti kimoja silikubali kabisa. Weka vipasha joto viwili, mwili wa mrija uuzidi mkia kwa nyuzi 30 hivi. Hata hivyo waya za elektrodi hutoa joto nje, na zebaki hukimbilia pale zinapoingilia. Mulika kwa tochi: ukiona ukungu unaong'aa kwenye shina la elektrodi, usipime. Matone yale hupitisha umeme juu ya kwatzi, nawe utadhani ni mvuke uliopasuka. Ongeza joto la mwili mpaka ukungu uishe, halafu subiri mkia utulie tena. Wakati wa kuzima, anza na mkia. Mwili uwe wa mwisho.

Hatua ya 4. Pandisha volti taratibu mpaka ishuke ghafla na mkondo uruke. Mulika kathodi (elektrodi hasi) kwa taa ya deuteri, inayotoa mwanga wa urujuanimno, ili elektroni ya kwanza ipatikane mapema. Taa ya zebaki haifai, kwani mwanga wake wa nanomita 254 humezwa na mvuke uleule unaoupima.

Hatua ya 5. Mwanafizikia Mjerumani Friedrich Paschen, mwaka 1889, alihusisha volti na kanieneo mara umbali wa elektrodi. Lakini hapa mwili una joto kuliko mkia, hivyo atomi kati ya elektrodi ni chache kuliko unavyodhani. Kanieneo itoe kwenye joto la mkia, kisha igawanye kwa joto la mwili katika kelvini, upate kiasi kinacholingana na wingi wa atomi.