Kabla hujagusa ideali za kidiferensia

Treni ya Tabora kwenda Kigoma inakupa usiku mzima, na usiku mzima unatosha kabisa kuharibu daftari. La kwangu liliharibika hivyo. Toka Urambo nilikuwa nathibitisha jambo ambalo, kwenye ringi (mfumo wa vitu unavyoweza kujumlisha, kutoa na kuzidisha) niliyoichagua, si kweli. Ukipanga kuanza mada hii, weka sawa haya kwanza.

Kanuni ya Leibniz iwe mkononi, si kichwani tu. Derivesheni D, yaani kitendo cha kunyambua, kwenye ringi badilishi (ab = ba) inaheshimu kujumlisha, na kwenye kuzidisha inatoa D(ab) = aD(b) + bD(a). Weka 1 mahali pa a na b, utapata D(1) = D(1) + D(1), yaani D(1) = 0. Endelea mpaka D(xⁿ) = nxⁿ⁻¹D(x). Huyo n aliyeshuka mbele mtazame vizuri, mtakutana tena.

Ideali I ya ringi R ni sehemu ya R ambayo ukijumlisha vipengele vyake, au ukizidisha kimoja kwa chochote cha R, unabaki ndani. Ni ya kidiferensia kama D haitoi kitu nje yake: kila a iliyomo ndani ya I, D(a) nayo imo. Hapo ndipo R/I, yaani R ambayo vyote vya I vimehesabiwa kuwa sifuri, inaporithi derivesheni. Usikague kila kipengele. Kagua vizalishi peke yake (vile vipengele vichache vinavyoizaa ideali nzima), kanuni ya Leibniz itamaliza kazi iliyobaki.

Jua pia ni D ipi unayoizungumzia. Chukua polinomia za x zenye namba wiani (zinazoandikika kama sehemu, mfano 1/2). Kwa D ya kawaida, D(x) = 1, basi (x), yaani ideali inayozalishwa na x, imeanguka; ukweli ni kwamba hakuna ideali inayopona ila sifuri na ringi nzima, maana polinomia yoyote isiyo sifuri ukiinyambua mara za kutosha inabaki namba tupu. Badilisha D ili D(x) = x, na (x), (x²), (x³) zote zinapita. Wengi huruka hapa, sijui haraka ya nini.

Lililo kubwa ni hili: ringi yako ina namba wiani ndani? Ikiwa nazo, radikali ya ideali ya kidiferensia (vipengele vyote ambavyo kipeo chake fulani kimo ndani ya ideali) nayo ni ya kidiferensia. Ikiwa aⁿ imo ndani ya I, D inakupa naⁿ⁻¹D(a). Unagawanya kwa n, unanyambua tena, unazidisha kwa D(a), unarudia, mpaka kipeo fulani cha D(a) kinaingia ndani ya I. Kugawanya kwa n ndiyo roho ya hoja yote.

Mimi nilikuwa nahesabu kwa modulo 3, ambako 3 ni sifuri, na kwa D ya kawaida. Huko D(x³) = 3x² = 0, kwa hiyo (x³) ni ya kidiferensia bila jasho. Radikali yake ni (x), na D(x) = 1 imetoka nje. Mama mmoja mwenye madumu ya asali aliniuliza kama hizo ni hesabu za duka. Nilipoiona ile 3, treni ilikuwa imeshaiacha Uvinza.