Kulala Jangwani Joshua Tree kwa Uamuzi wa Jana Usiku

Alhamisi moja ya Novemba mume wangu alirudi kazini saa tatu usiku, akavua viatu mlangoni, akasema: "Mke wangu, kesho wote wawili hatuna zamu. Tukalale jangwani." Mimi ni mtoto wa Tanga. Jangwa kwangu lilikuwa jua, basi. Nikafungasha kofia tatu, miwani ya jua na kanga nyepesi, na safari ile ikatuumbua. Jua halikutufanya kitu. Kilichotutia adabu ni baridi na upepo.

Tangu hapo tumekwenda tena mara kadhaa, na kila mara tunaamua usiku mmoja kabla. Mwongozo huu wa kulala Joshua Tree, hifadhi ya taifa iliyo jangwani California, Marekani, ni wa wawili wanaotokea Los Angeles kwa gari dogo, kati ya Oktoba na Aprili. Kiangazi joto la mchana hupita nyuzi 38, na hapo nakushauri ubaki nyumbani na feni yako.

Hatua ya 1: Pika usiku huohuo

Chapati kumi na maharage ya nazi kwenye kopo lenye kifuniko, basi. Huko utachemsha chai na kupasha moto tu, kwa hiyo jiko dogo la gesi linatosha. Pakua pia ramani ya hifadhi kwenye simu ukiwa bado nyumbani, kwa sababu ukishapita geti mtandao unakata, na sehemu kubwa ya hifadhi hakuna kitu kabisa.

Hatua ya 2: Ondoka Ijumaa alfajiri

Si Ijumaa jioni, na Jumamosi ndiyo usithubutu. Ni kama kilomita 225, mwendo wa saa mbili na nusu barabara ikiwa tupu. Ijumaa jioni jiji zima linaelekea mashariki na wewe. Unashika barabara ya 10, kisha ya 62 inayopanda kaskazini hadi Yucca Valley, mji ulio jirani na hifadhi.

Hatua ya 3: Maliza manunuzi Yucca Valley

Ndani ya hifadhi hakuna kituo cha mafuta wala duka la chakula. Jaza tangi. Nunua kuni pia, maana kuokota kuni humo ni marufuku, hata kijiti kikavu.

Maji ndiyo watu hukosea hesabu. Ushauri wa kawaida ni angalau lita 4 kwa mtu kwa siku. Kwa wawili, siku mbili, ni lita 16, na hayo ni ya kunywa. Sasa ongeza chai, vyombo, na sisi tuliolelewa na kopo la chooni ongeza na hilo. Vyoo vya kambi nyingi humo ni vya shimo, safi, lakini bomba hakuna. Anayeswali aongeze ya udhu. Sisi tunabeba madumu mawili ya lita 20, na hurudi na tone tu. Halafu usiache beseni la maji wazi mezani: nyuki wa jangwani wananusa unyevu kutoka mbali, na ndani ya dakika chache meza ni yao.

Hatua ya 4: Pata nafasi kabla ya saa sita mchana

Kambi nyingi za humo huagizwa mapema kwenye tovuti ya Recreation.gov, na wikendi za msimu hujaa. Lakini ziko tatu za anayewahi ndiye apataye: Hidden Valley yenye nafasi 44, Belle 18, na White Tank 15. Mwisho wa kuondoka wageni ni saa sita mchana. Kwa hiyo fika saa tatu au saa nne asubuhi, lipia geti (sisi tulilipa dola 30 kwa gari, kibali cha siku 7), kisha zunguka polepole ukitazama nani anakunja hema. Muulize kwa adabu kama anaondoka. Watu wa kambini ni wakarimu. Mzee mmoja alituachia nafasi yake pamoja na kuni zilizobaki.

Mimi napenda White Tank. Ni ndogo, kimya, na giza lake ni giza kweli.

Hatua ya 5: Simamisha hema kama vile upepo umeshafika

Hema letu la kwanza lilikuwa la bei poa, na vigingi vyake vilikuwa vyembamba kama waya wa hanga. Mchana kulikuwa shwari, tukavichomeka kwa mkono, tukaenda kutembea. Tuliporudi hema lilikuwa limelala ubavu juu ya jiwe, nafasi mbili mbele yetu, na jirani kalikalia ncha lisiendelee na safari.

Ardhi ya pale ni chengachenga za mawe ya matale: juu inamomonyoka, chini kidogo ni ngumu. Tumia vigingi virefu vya chuma na nyundo, uvipigilie kwa kuviinamisha, kichwa kikitazama mbali na hema. Kaa upande wa jiwe kubwa linalokinga upepo. Ndani, weka dumu la maji kona moja na begi zito kona ya pili. Usifunge kamba kwenye mimea. Na usitandike kwenye mkondo wa mchanga hata ukiwa mkavu na laini kama kitanda: mvua ikinyesha mbali, maji hupita hapo.

Hatua ya 6: Jikinge na baridi inayotoka chini

Hidden Valley iko kama mita 1,280 juu ya usawa wa bahari, haiko mbali sana na Arusha. Hewa ni kavu, mawingu hakuna, kwa hiyo jua likizama joto lote linapaa. Novemba linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Saa mbili usiku nilikuwa nimevaa kila nilichokuja nacho, kanga zikiwa juu ya koti.

Kosa letu lilikuwa godoro la kupuliza. Hewa iliyo ndani yake inapoa pamoja na ardhi, nawe unalala juu ya ubaridi. Tulikesha kama vifaranga walionyeshewa. Siku hizi tunatandika chini mkeka mnene wa sponji, juu yake blanketi la sufu, kisha mabegi ya kulalia. Blanketi la kutandika lina faida kuliko la kujifunika. Chemsha maji, mimina kwenye chupa imara, funga vizuri, uitie kwenye soksi na uilaze miguuni.

Hatua ya 7: Tembea, na chanuo mfukoni

Miti iliyoipa hifadhi jina ni ya ukoo mmoja na mkonge. Nilipoona ile miiba ya majani nilicheka: nimevuka bahari kuja kupiga picha na binamu wa mkonge.

Ukienda kwenye bustani ya cholla, bebeni lile chanuo la meno mapana. Cholla ni dungusi anayeonekana kama ana manyoya, na vipande vyake hunata ukivigusa tu. Mume wangu kilimganda kiatuni, akakitoa kwa vidole, kikahamia vidoleni. Ingiza meno ya chanuo kati ya kipande na ngozi, kisha kirushe kwa mkupuo mmoja upande usio na mtu. Miiba iliyobaki itoe kwa kibano.

Hatua ya 8: Usiku zima kila kitu

Mwaka 2017 hifadhi hii ilitambuliwa kimataifa kwa giza la anga lake. Fungia chakula garini kwa sababu ya mbweha wa huko, zima moto kwa maji, zima tochi, subiri dakika ishirini macho yazoee. Tazama mashariki. Kile kishada cha nyota ndogo ni Kilimia, kilekile babu alichokitazama kujua wakati wa kulima. Los Angeles sijawahi kukiona.

Asubuhi, kabla ya kuwasha gari, inama uchungulie chini yake. Kobe wa jangwani hupenda kivuli cha magari.