Viroboto wa Paka Huangamizwa Sakafuni

Mtu anayemwona paka wake akijikuna shingo usiku kucha humshika paka huyo akamwogesha, akamtia dawa, kisha siku chache baadaye akalalamika kwamba ameuziwa dawa feki. Mara nyingi dawa haina kosa. Viroboto wazima wanaoonekana kwenye manyoya hukadiriwa kuwa asilimia 5 tu ya wote waliomo nyumbani. Waliobaki wamo sakafuni na matandikoni, wakiwa bado ni mayai, mabuu au pupa, yaani buu aliyejifungia kifukoni kabla ya kuwa kiroboto mkubwa. Kiroboto jike akishanyonya damu huanza kutaga ndani ya siku moja au mbili, na anaweza kufikisha mayai 40 hadi 50 kwa siku. Mayai hayo hayang'ang'anii nywele kama ya chawa, bali huteleza na kudondoka popote paka anapojinyoosha.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha kwamba ni viroboto kweli. Mweke paka juu ya kitambaa cheupe, umchane kwa kitana chembamba cha chawa, ukianzia kiunoni kuelekea mkiani, kisha chini ya kidevu. Ukipata chembe nyeusi mithili ya pilipili manga iliyosagwa, ziweke kwenye pamba iliyoloa maji na usubiri kidogo. Zikitoa rangi nyekundu ya kutu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya paka wako iliyokwisha kusagwa tumboni mwa mdudu. Kiroboto mwenyewe akinaswa kwenye kitana, mtumbukize mara moja katika bakuli la maji yenye sabuni, kwa kuwa katika maji matupu huweza kuelea na kuruka tena.

Dawa iliyo rahisi kutumia ni ile ya matone, kama vile yenye fipronili au selamektini, ambayo hupatikana kwa daktari wa mifugo. Tenganisha manyoya kisogoni hadi ngozi ionekane, umimine dawa juu ya ngozi yenyewe mahali ambapo ulimi wa paka haufiki, na ufuate kipimo kinacholingana na uzito wake. Iwapo nyumba ina paka watatu na mbwa mmoja, wote watibiwe siku hiyohiyo, kila mmoja kwa dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya mnyama wa aina yake.

Hapo ndipo pana hatari kubwa. Dawa nyingi za viroboto wa mbwa zina permethrini, na ini la paka haliwezi kuivunjavunja sumu hiyo kama la mbwa linavyofanya. Paka aliyepakwa dawa hiyo hutokwa na mate, hutetemeka, hupatwa na degedege na huweza kufa. Kumgawia paka nusu ya dawa ya mbwa si kubana matumizi, ni kumwekea sumu. Dawa ya kuogeshea ng'ombe na mafuta ya taa navyo visimguse kabisa, kwa sababu paka hujilamba mwili mzima na chochote kilicho juu ya manyoya yake kitaishia tumboni. Wako pia wanaomlisha kitunguu saumu wakiamini kwamba harufu yake itawafukuza wadudu, ilhali kitunguu cha aina yoyote huharibu chembe nyekundu za damu ya paka.

Watoto wa paka walio chini ya wiki 8 wasipakwe dawa bila ushauri wa daktari. Wachane kila siku, au waoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kisha uwakaushe vizuri wasipatwe na baridi. Wafunue midomo utazame fizi: zikiwa zimepauka, damu imepungua na daktari anahitajika leo, si kesho. Kwa paka mkubwa, chunguza pia kama kuna vipande vinavyofanana na punje za mchele karibu na mkundu wake, maana paka humeza viroboto anapojilamba, na kupitia kwao hupata minyoo tegu.

Sasa nyumba. Mabuu hukimbia mwanga na hula kinyesi kikavu cha viroboto wakubwa, kwa hiyo watafute uvunguni mwa kitanda, kwenye nyufa za saruji, katika mikunjo ya makochi na chini ya mikeka. Mimi niliwapata baada ya majuma mawili ya kufagia bure: nilipougeuza mkeka ambao paka wetu aliupenda, nikakuta kwenye mishono ya ukili vijidudu vyeupe vyembamba kama vipande vya uzi, vikijipinda kulikimbia jua. Mkeka kama huo ukung'utwe nje na uanikwe juani pande zote mbili, kwani mabuu hawastahimili ukavu. Matandiko yafuliwe kwa maji ya moto, nyuzi 60 yakiwezekana, kila wiki. Fagia kila siku, mimina takataka katika mfuko na uufunge, kisha piga deki kwa maji ya sabuni ukisugua nyufa. Ukipuliza dawa ya wadudu, chagua ile ambayo pia huzuia mayai na mabuu kukua, mtoe paka nje, na usimrudishe mpaka sakafu ikauke.

Pupa ndiye mkaidi. Hukaa ndani ya kifuko chenye kunata kilichojifunika vumbi, dawa haipenyi humo, na anaweza kusubiri kwa miezi hadi ahisi joto, pumzi au mtikisiko wa nyayo. Ndiyo maana mtu anayefungua nyumba iliyofungwa kwa muda mrefu hurukiwa miguuni kabla hajaweka mizigo chini, na ndiyo maana kumfukuza paka hakusaidii: wadudu hugeukia vifundo vya miguu ya watu. Tarajia kuona viroboto wapya kwa wiki kadhaa hata kama umefanya kila kitu sawasawa.

Katika miji ya pwani kama Tanga na Mombasa, ambako joto na unyevu haviishi, mzunguko kutoka yai hadi mkubwa huweza kukamilika kwa wiki 3 hivi. Rudia dawa ya matone kila mwezi kwa miezi 3 mfululizo, bila kuruka hata mmoja. Kila Ijumaa vaa soksi nyeupe ndefu, tembea polepole kandokando ya kitanda na makochi kwa dakika chache, kisha uhesabu madoa meusi yaliyorukia soksi.