Jinsi ya Kufuatilia Maana za Neno "na" Katika Lugha Mbalimbali

Andika kwanza kazi za "na" katika Kiswahili: huunganisha katika "korosho na muhogo", humtaja mtendaji katika "aliitwa na mwalimu", na huonyesha umiliki katika "tuna mashua". Hatua hii isirukwe, maana wengi hudhani kwamba neno la nyumbani lina maana moja tu.

Kisha vuka mto Ruvuma. Hapa Mtwara hufika watu kutoka Msumbiji, ambako Kireno ni lugha rasmi, na ukimsikia mmoja wao akisema "na praia", usitafute kiunganishi, kwa kuwa "na" hiyo ni muungano wa "em" na "a", yaani "katika" mbele ya nomino ya jinsia ya kike, hivyo anasema "ufukweni". Mwombe sentensi nzima. Kwangu mimi, kanuni hii ina thamani kuliko kamusi yoyote.

Katika Kirusi, "na stole" ni "juu ya meza". Katika Kijapani, "na" ni "jina". Usiyahesabu maneno haya kuwa ya ukoo mmoja kwa kufanana sauti pekee, kwani silabi nyepesi kama hii hutokea katika lugha nyingi zisizo na undugu.