Namna ya Kupima Maoni ya Kisiasa Bila Kuyapindisha

Kabla ya kuandika swali hata moja, fahamu unachokwenda kukipima. Ni wachache wenye majibu tayari kichwani kuhusu kila sera. Wengi wana mielekeo ya muda mrefu, waliyoipata kwa wazazi, shuleni, katika dini, kwa marafiki na kutokana na matukio makubwa ya ujanani. Juu yake kuna habari za karibuni ambazo bado hazijasahaulika. Mapenzi kwa chama hayabadiliki upesi; maoni kuhusu kodi mpya huweza kugeuka ndani ya wiki moja. Mtu akiulizwa, huyachanganya yote hayo papo hapo ndipo ajibu. Kwa hiyo swali lenyewe hushiriki kulitengeneza jibu.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Marekani mwaka 1948. Watu waliulizwa kama waandishi wa habari kutoka nchi za kikomunisti waruhusiwe kuja Marekani na kupeleka habari kwao. Swali hilo lilipotangulia, asilimia 36 walikubali. Lilipokuja baada ya swali la kama waandishi wa Marekani waruhusiwe kufanya kazi katika nchi za kikomunisti, waliokubali walifika asilimia 73. Wahojiwa walikuwa wamekwisha kukumbushwa haki ya pande mbili. Basi weka maswali ya jumla kabla ya mahususi, na swali la kura mapema, kabla hujagusa bei, rushwa au usalama. Usiulize mambo mawili kwa pamoja, kama "Je, unaunga mkono kuboresha shule na kupandisha kodi?" Epuka pia "Je, unakubali kwamba…", kwa sababu wapo wanaokubali kila wanachosomewa, hasa mbele ya mgeni. Mpe mhojiwa pande mbili zenye uzito sawa: "Wengine wanasema hivi, wengine vile, wewe uko karibu na upi?" Badilisha mpangilio wa majina ya wagombea kutoka kwa mhojiwa mmoja hadi mwingine.

Nafasi ya "sijui" iwepo. Watafiti wa Marekani waliwahi kuulizia sheria ambayo haikuwepo kabisa, na karibu theluthi moja ya wahojiwa walitoa maoni juu yake. Lijaribu dodoso kwa watu 20 hadi 30 wasiokuwa wataalamu, kisha waombe waeleze walivyolielewa kila swali. Hatua hii hurukwa mara nyingi, nayo ndiyo ya bei nafuu kuliko zote.

Sasa sampuli, yaani kundi la watu utakaowahoji kwa niaba ya wote. Amua unawataka nani: watu wazima wote, waliojiandikisha kupiga kura, au wale watakaopiga kura kweli? Hayo ni makundi matatu tofauti. Wingi wa majibu hautakuokoa ukiwachagua vibaya. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest lilituma karatasi kama milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatabiri kwamba katika uchaguzi wa urais wa Marekani Alf Landon atamshinda Franklin Roosevelt. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalitoka katika orodha za wenye simu na magari, tena waliojibu ni wale tu waliokuwa na hamu ya kujibu. Mpima maoni George Gallup, kwa sampuli ndogo zaidi, alimtaja mshindi sahihi.

Ukihoji ana kwa ana, tumia maeneo ya sensa, yaani vipande vidogo ambamo nchi hugawanywa ili kuhesabu watu. Yachague kwa bahati nasibu, eneo lenye watu wengi likiwa na nafasi kubwa zaidi ya kuchaguliwa. Eneo likiwa na kaya 150 nawe unataka 10, hoji kila kaya ya 15, ukianza na namba iliyochaguliwa kwa nasibu kati ya 1 na 15. Ndani ya kaya orodhesha watu wazima wote, kisha umchague mmoja kwa nasibu. Usimhoji tu aliyefungua mlango. Asipokuwepo, rudi angalau mara mbili kwa saa tofauti. Mhojaji aliyechoka humchukua jirani badala yake, na hapo sampuli hujaa wanaoshinda nyumbani mchana.

Kuhusu idadi: katika sampuli ya nasibu, watu 400 huleta kiwango cha makosa cha takriban pointi 5 juu au chini, watu 1,000 pointi 3, watu 2,400 pointi 2. Ukitaka kupunguza makosa kwa nusu, zidisha watu mara nne. Kuhoji kwa maeneo huongeza makosa kidogo, kwa kuwa majirani hufanana. Matokeo ya mkoa wenye wahojiwa 100 yana makosa ya karibu pointi 10, kwa hiyo usiyatangaze kama ushindi wa mtu. Tena pengo kati ya wagombea wawili wanaokaribiana lina makosa karibu mara mbili ya yale ya mgombea mmoja.

Baada ya hapo linganisha sampuli na sensa. Wanawake wakiwa asilimia 40 ya wahojiwa ilhali ni 50 ya watu wazima, kila mmoja ahesabiwe kama 1.25, na kila mwanamume kama 0.83. Uzani, yaani namba hizo za kuhesabia, ukizidi sana kwa watu wachache, majibu yao huyumbisha matokeo yote.

Unapochapisha, taja tarehe za mahojiano, idadi ya wahojiwa, namna walivyochaguliwa, maneno kamili ya kila swali, asilimia ya waliosema hawajui, na aliyelipia kazi.